Kisu Kwenye Kiatu Changu cha Mbio

Nilimkuta mume wangu amekipakata kiatu changu cha mbio, kisu kimezama kwenye soli mpaka karibu na mpini...

Siku mbili kabla ya mbio!

Naomba leo msome mpaka mwisho ndipo mkomenti. Safari ile mlikomenti kwanza, na mimi ndiye niliyewakaribisha.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka na mataulo, saa nane nzima nikiwa wima. Siku hiyo mashine ya mvuke iligoma, tukaruhusiwa mapema. Nikafika nyumbani, mlango umerudishiwa tu, nikausukuma.

Fundi alikuwa sebuleni kwenye kigoda chake. Namwita Fundi kama wanavyomwita wote, maana kazi yake ni kushona viatu, na kibanda chake kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu. Gazeti kalitandika sakafuni. Kiatu cha kulia kakiweka pembeni, kizima. Cha kushoto ndicho alichokuwa anakipasua soli kama mtu anayefungua mkate.

"Unafanya nini?"

Alishtuka, kisu kikamponyoka.

"Nakaza gundi."

"Kwa kisu?"

Akakiokota kisu, akakifuta kwenye gazeti.

Sasa niwaeleze kwa nini kile kiatu kilikuwa roho yangu.

Miezi nane nyuma nilikuwa siwezi kukimbia mpaka mwisho wa mtaa bila kujishika kiuno. Nikajiunga na klabu ya mbio ya pale kwetu, washonaji, walinzi, manesi wawili na Kocha, mwalimu wa michezo mstaafu mwenye filimbi na maneno machache. Sheria zake tulizijua kwa kichwa. Ongeza umbali kidogo kidogo kila wiki. Kupumzika nako ni mazoezi. Misuli ikichoka kimbia, lakini maumivu yakikaa sehemu moja na yakachoma, simama, usijifanye shujaa.

Nilizifuata kama dozi. Wenzangu walidondoka mmoja mmoja, huyu goti, yule kisigino. Mimi wapi! Miezi nane sijaumia hata ukucha. Kocha akawa ananitolea mfano, na mimi kichwa kikaanza kuvimba. Tukajiandikisha nusu marathoni, kilomita ishirini na moja.

Wiki tatu kabla ya mbio, vile vya mazoezi vikiwa vimelika, nikanunua viatu vipya.

Mke wa fundi viatu hanunui kiatu akakivaa siku hiyo hiyo. Kwetu kila kiatu kipya kilipita kwanza mikononi mwa Fundi, eti "kukaza gundi", hata kandambili za bafuni. Nilikuwa namcheka kwamba haamini kazi ya fundi mwingine. Safari hii nikakataa. Nilimwambia hivi ni vya mbio, vina teknolojia yake, asiviguse. Akaomba mara tatu, nikakataa mara tatu.

Baada ya wiki moja nyonga yangu ikaanza kuchoma. Sikumwambia Kocha wala mtu yeyote. Ningesimamishwa.

Halafu kulikuwa na maneno ya mtaani. Wanaume wa kijiweni walikuwa wanamtania Fundi kwamba mkewe anakimbizana na wanaume barabarani, siku moja atakimbia moja kwa moja asirudi. Yeye alikuwa anacheka tu. Mimi nikaamini kicheko kile ni cha mdomoni.

Basi nilipoona kisu, nikajumlisha moja na moja nikapata kumi na moja.

"Unaniharibia kiatu ili nisikimbie?"

"Bibie, nitakueleza baada ya mbio."

"Nieleze sasa hivi."

Akaitazama miguu yangu. Kisha akainamisha macho.

"Baada ya mbio. Nakuomba."

Nikampigia shosti yangu wa klabuni, tunayemwita Mama Saa kwa sababu saa yake ya mkononi inapiga kelele kila kilomita na yeye anatutangazia. Akaniambia mwanaume kama huyo dawa yake ni kuanikwa. Nikapiga picha. Kiatu kilichopasuliwa, kisu, na uso wa mume wangu. Nikaposti. "Mume wangu fundi viatu amekata kiatu changu kwa wivu."

Mnakumbuka. Mlikuwepo.

Jua halijazama komenti zimepita elfu mbili. Mmoja wenu akambatiza jina, Fundi Wembe. Mwingine akaweka picha ya kibanda chake na kuelekeza kilipo.

Jumamosi asubuhi wateja wake walijaa. Hawakuja kuleta viatu, walikuja kuvichukua. Wengine walichukua vilivyokuwa havijamalizwa, uzi unaning'inia. Kuna mama alichukua kiatu kimoja cha mwanawe, akasahau cha pili, akarudi kukidai bila hata salamu. Fundi alimtafutia kila mtu chake, akakipangusa vumbi, akampa kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa dirishani na kikombe cha chai, nasoma komenti. Nakiri mbele yenu, nilijisikia vizuri sana.

Mchana akafunga vifaa na nguo zake kwenye mfuko, anahama. Alipofika mlangoni akageuka.

"Usikimbie na kiatu kipya, Bibie. Ukiweza, usikimbie kabisa."

Na hilo nalo nikaliposti! "Ananitishia." Mkamtukana tena mpaka jioni, na wazazi wake makaburini mkawataja. Sikufuta hata komenti moja.

Jumapili, Mama Saa akaniazima jozi yake ya akiba. Kocha alipoviona miguuni mwangu akasema kiatu usichokizoea ni adui siku ya mbio. Akaniuliza kama kuna mahali panauma. Nikamwangalia usoni nikasema hapana.

Kilomita kumi za mwanzo nilipaa. Watu wa pembeni walinitambua kutoka kwenye simu zao, wakawa wanashangilia, "Dada wa kiatu, mkomeshe!" Nikawa nawapungia mkono kama mgombea.

Kilomita ya kumi na mbili, nyonga ikawa kama imepigiliwa msumari. Nikakaza meno. Kocha alishatuambia cha kufanya, lakini mimi nilikuwa nakimbilia watu elfu mbili.

Kilomita ya kumi na sita nikasikia ndani ya mwili wangu... tak!

Nikaanguka kifudifudi. Mama Saa alikuwa nyuma yangu hatua chache. Alinitazama, akaitazama saa yake, akasema pole shosti, akapita. Nasikia siku hiyo alivunja rekodi yake.

Hospitali daktari alinionyesha picha. Mfupa wa nyonga umepasuka, na ufa wenyewe ulianza wiki kadhaa nyuma. Kutembea nitatembea, lakini kukimbia nisahau. Kisha akatoa futi ya kupimia, akapima mguu mmoja, akapima wa pili, akarudia.

"Umekimbia miezi nane kwa miguu hii?"

"Ina nini, daktari?"

"Wa kushoto ni mfupi, tangu utotoni. Nani alikuwa anakutengenezea viatu?"

Nikavitazama viatu vya Mama Saa chini ya kitanda.

Kuna jambo sikuwahi kuwaambia. Shuleni nilikuwa naitwa Chechemea. Jina langu halisi walimu wenyewe walilisahau. Mama alikuwa ananibembeleza kwamba nikikua nitaacha. Nikakua, na siku moja nikapeleka kiatu kilicholika upande kwa fundi mmoja mpole. Akakaa nacho siku mbili. Nilipokivaa na kutembea, hakuna aliyecheka. Nikarudi na kiatu cha pili, na cha tatu, mpaka tukaoana. Nikawa nashukuru kwamba Mungu kaniponya.

Siku aliyonichumbia nilimsimulia lile jina. Nikamwapia kwamba yeyote atakayeniambia nachechemea, awe nani, simsamehe mpaka kufa.

Yule mwanaume alinisikia.

Nilirudi nyumbani kwa magongo nikamwaga viatu vyangu vyote sakafuni. Vya kazini. Vya harusi. Viatu vya mazoezi nilivyokimbilia miezi yote nane. Kila cha kushoto kilikuwa na tabaka jembamba la raba, limefichwa ndani ya soli kwa ufundi ambao ukikosa kulitafuta huwezi kuliona. Hata kandambili za bafuni! Raba kaibandika chini na kuipaka rangi ya buluu ifanane na yenyewe. Miaka tisa mume wangu alikuwa ananinyoosha bila kunitajia kwamba nimepinda.

Hakuwa anaharibu kile kiatu. Alikuwa anakipasua aingize tabaka. Kipande cha raba alichokichonga kilikuwa pale juu ya gazeti ile Ijumaa, na mimi ndiye niliyekifagia kikaenda na takataka.

Nikafuta posti. Nikaandika nyingine ya kumwomba radhi hadharani. Ya kwanza mliisambaza mpaka nchi za watu. Ya radhi ilipata laiki kumi na moja, na wawili wenu mkaniuliza viatu nilinunua duka gani. Skrini shoti za Fundi Wembe bado zinazunguka mpaka leo.

Miezi miwili nilimtafuta. Nikampata kwenye geti la kiwanda cha sabuni, mji mwingine, anashona buti za wafanyakazi. Hakuna aliyemjua pale. Kakonda. Nikasimama mbele yake na gongo langu. Aliona miguu kwanza, kama kawaida ya mafundi viatu, na akajua ni mimi kabla hajainua uso.

"Karibu, dada. Lete kiatu."

Dada! Mke wake wa miaka tisa.

Nilimwomba msamaha pale pale, nalia, mbele ya watu wenye buti mikononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kwa nini hakusema ile Ijumaa, neno moja tu, nisingefanya yote yale.

"Ulisema humsamehi atakayekuambia," akajibu. "Nikaona bora unisamehe kwa jingine."

Akakipokea kiatu nilichovaa, akakigeuza, akakirudisha bila kukigusa kwa kisu. Akachana kipande cha karatasi, akaandika, akanipa. *Kushoto, milimita nane.*

"Mpe fundi yeyote. Ataweza."

"Nataka ufanye wewe."

"Mimi nilikuwa naficha, dada. Sasa hakuna cha kuficha."

Akanyoosha mkono kwa mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Shukrani ya punda ni mateke, na punda ndiye anayewaandikia. Ukimkuta mwenzako na kisu mkononi, muulize mara ya pili, na ya tatu, kabla hujachukua simu. Hawa watu elfu mbili hawatakuwepo siku unajifunza kutembea upya. Nyie wenyewe mliniandikia "tuko nawe dada", na aliyekuja kunishika mkono chooni hospitali alikuwa nesi ambaye hata simu ya mtandao hana.

Juzi nimenunua viatu vya kazini. Nimekwenda navyo kwa fundi wa mtaa wa nne, mbali na wanaonijua. Palikuwa na foleni. Nikampa ile karatasi, akaigeuzageuza, akasema haelewi milimita nane za nini, nimwambie kwa mdomo tatizo ni nini.

Watu wote wakanitazama.

"Naomba uniinulie cha kushoto," nikasema. "Nachechemea."

Akasema sawa, niviache, nirudi kesho.