Panga Lililoshonwa na Fundi Cherehani

Trrr! Trrr! Trrr! Kisha, paa! Kitu kikaanguka sakafuni.

Fundi cherehani aliacha kushona. Alijua ni nini. Helikopta ndogo ya binti yake, ile ya rimoti, ilikuwa imegonga kabati tena.

"Lete nikuonyeshe," alisema, akanyoosha mkono.

"Baki nayo tu, baba. Kesho mimi sirushi. Nitamwambia mwalimu naumwa."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho ilikuwa zamu ya binti kuwaonyesha wenzake na wazazi darasani jinsi helikopta inavyopaa. Mwezi mzima hakuwa na wimbo mwingine.

Baba alibonyeza vitufe vya rimoti vya kurekebisha mwelekeo. Kushoto, kulia, kushoto. Helikopta ilipaa, ikatetemeka kama mwenye homa, ikala mwereka.

"Hodi! Mnatwanga nini humo?" Alikuwa jirani yao, mama anayetengeneza feni.

"Karibu, dada. Hiki kidude kimenitoa jasho."

Jirani alichomoa betri kwanza. "Usiguse mapanga haya ya juu betri ikiwa ndani," alimwambia binti. "Yakizunguka, yatakukata." Kisha akatazama panga moja, akaangua kicheko. "Makubwa! Nani kalishona hili?"

"Mimi," fundi alisema, kifua mbele. Panga lilikuwa na ufa, naye alikuwa amelizungushia uzi na gundi. "Unaona mshono ulivyotulia?"

"Mshono umetulia, kaka. Helikopta ndiyo haijatulia. Nipe sindano."

Alifungua mapanga yote mawili, akapitisha sindano kwenye matundu yake, moja likitazama huku, jingine kule. Lililoshonwa likainama papo hapo.

"Uzi na gundi vina uzito," alisema. "Panga moja likizidi, chombo kizima kinatetemeka. Hata feni ni hivyohivyo. Vitufe haviponyi ugonjwa huo. Na panga lenye ufa haliungwi. Linaweza kuvunjika na kukurukia usoni. Badilisheni yote mawili."

Mapanga ya akiba yalikuwa bado ndani ya boksi. Waliyafunga. Binti akarudisha betri mahali pake, katikati sawasawa. Wote wakasimama mbali.

"Ipandishe kidogo tu," jirani alimwambia binti, aliyeshika rimoti.

Haikutetemeka. Ila ilisogea polepole kushoto.

"Sasa ndipo vitufe vina kazi! Ikienda kushoto, bonyeza cha kulia. Mara moja, tazama. Kisha tena."

Mkono wa baba ukaifuata rimoti.

"Mwache!" jirani alimkemea. "Wewe umeshashona, inatosha."

Binti akabonyeza. Akatazama. Akabonyeza tena. Mara ya tatu, helikopta ilitulia hewani, palepale, kama taa iliyoning'inizwa darini.

Binti alitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Nitairusha kesho," alisema. "Lakini baba, usininyang'anye rimoti mbele ya watu."

Fundi akaifumbata mikono yake nyuma ya mgongo.

"Nitasimama ukutani hivihivi," alisema. "Hata ikiyumba, ni yako wewe. Nakuahidi, mwanangu."