Rangi Isiyotoka

Sokoni palikuwa pamefurika watu. Msusi, ndani ya gauni lake la njano lililonyooshwa kwa pasi, akagongana na kijana mwenye ndoo. Kiganja cha kijana kikaacha alama ya kijani kwenye mkono wa gauni.

"Samahani, dada! Inatoka kwa sabuni."

"Na huo mkono wako, mbona haujatakata?"

Kijana akacheka. Alikuwa mmoja wa wanafunzi waliotoka nchi jirani kujitolea kupima maji ya mtaa ule. Walikuwa wakimwaga vyooni rangi ya kijani isiyodhuru, kisha wakingoja kuona kama itatokea visimani. Msusi akambandika jina la Kijani, na haikuchukua muda simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo wewe! Sauti ina chumvi?"

Kwao msusi kulikuwa na kisima alichokichimba marehemu baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Majirani wote walichota hapo, na mama yake alikitunza kama mboni ya jicho.

Asubuhi moja msusi alivuta ndoo, akaduwaa. Maji yalikuwa ya kijani, yanang'aa juani, mazuri ajabu, na uzuri wenyewe ukamtia hofu. Kumbe miaka yote hiyo choo kilikuwa kikivujia kisimani! Majirani wakaja, wakachungulia, wakarudi na ndoo tupu.

Akampigia Kijani simu.

"Umemwaga rangi chooni kwetu?"

"Ndiyo, mpenzi."

"Nani alikuruhusu?"

Kijani akanyamaza.

"Kisima cha baba yangu! Umemwaibisha mama mbele za watu!"

"Nisamehe. Siwezi kusema zaidi."

"Basi usiseme! Jumamosi wenzako wakiondoka, panda basi nao uende kwenu."

Akakata simu, akalia mpaka macho yakavimba. Ijumaa mama yake akamfuata chumbani.

"Mwanangu, unamwonea bure. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Wewe, mama?"

"Watoto wa majirani hawaishi kuharisha. Nilikuwa nakishuku kisima, nikamwapisha asikwambie. Ungenizuia kwa ajili ya baba yako."

"Lakini baba alikichimba kwa jasho lake!"

"Alichimba watu wapate maji, si maradhi. Na wajukuu zangu ungewanywesha nini?"

"Wajukuu gani tena, mama?"

"Usinichekeshe. Vaa, uende."

Msusi alimtazama mama yake kama anamwona mara ya kwanza. Kumbe alikuwa akiishi na shujaa. Na yule mwingine, aliyekubali kutukanwa kuliko kuvunja ahadi, naye alikuwa mtu wa namna gani? Moyo ukamjaa.

Alimkuta mtaroni, anafukia bomba jipya la maji pamoja na wenzake.

"Ulinyamaza nikikutukana."

"Nilimwahidi mama."

"Na mimi unaniahidi nini?"

Kijani akaweka sepetu chini. "Nikimaliza mitihani nirudi na wazee wangu, tuje kuposa. Utanikubali?"

Msusi akanyoosha mkono wa lile gauni la njano. Alama ilikuwa palepale.

"Si nilikwambia inatoka kwa sabuni?"

"Nani kakwambia nimeipaka sabuni?"