Vibati vya Fedha vya Shangazi Zalak

Kila siku akitoka shule, Charmi alikuwa anakaa dukani kwa baba yake, Jamnadas sonara, pale Kariakoo, anasugua bangili. Miaka kumi na miwili tu, lakini dharau hiyo, sijui kaitoa wapi. Mimi nauza ndoo barazani kwao, ananipita kama anapita gunia. Ila niseme kweli, wajukuu zangu, enzi zile mji mzima ulikuwa hivyo. Soko limefunguliwa, vitu vinamiminika, kila mtu anataka kinachong'aa. Saa za dhahabu, sijui dhahabu gani, zinapauka kabla mnunuzi hajafika Magomeni.

Sasa shangazi yake, Zalak, alikuwa mtu wa maabara. Kisima cha uani kwetu tulikuwa tumekifunga, maana mtoto wa Hyasinta, mpangaji mwenzetu, aliharisha mpaka akalazwa. Zalak akachota maji akayapime kama yana kijidudu cha kipindupindu. Akaja dukani, akachovya vibati vya fedha kwenye tindikali, vikatoka vimefifia kama majivu.

"Shangazi, uchafu gani huu?" Charmi akauliza.

"Kila kijidudu kina vinasaba vyake, ndivyo vinavyokitambulisha. Vikinasa kwenye kibati hiki, tunapiga mwanga mwekundu. Mwanga unaorudi unatuambia ni vya nani. Vifunge, asubuhi naenda navyo."

Shangazi alipotoka, mtoto akabetua mdomo. "Fedha ya hivi hata machinga haokoti." Akachukua kitambaa, akavisugua vyote mpaka vikang'aa, ndipo akavifunga kwenye karatasi.

Zalak hakuvifungua. Kule maabara mwenzake ndiye aliyevipachika. Kesho yake jioni akaja uani: "Mashine haijaona kitu."

Hyasinta huyo, kamba mkononi. "Si nilisema mimi? Maji tunakunywa miaka yote, leo mnayamulika tochi."

Ndoo ikashuka. Charmi kasimama mlangoni. Ndoo ikapanda, Hyasinta akachota kikombe.

"Anti Hyasinta, usinywe," Charmi akasema. "Vile vibati nilivisugua."

"Mtoto wa sonara, na wewe umekuwa daktari?"

Zalak akageuka. "Ulivisugua vikawaje?"

"Vikang'aa."

"Hongera. Tumepima maji kwa kioo cha kujitazamia." Akakichukua kile kikombe, akakimwaga. "Ile mikwaruzo ya tindikali unayoiita uchafu ndiyo inayoupa mwanga nguvu. Ukiilainisha, mashine inakuwa kipofu."

Vikachovywa vingine. Safari hii mwanga ukarudi na alama ya kijidudu, wazi kabisa. Kisima kikatiwa dawa, kikapimwa tena mpaka kikawa safi.

Charmi alikuwa hatazami mtu usoni. Zalak akamkalisha pale barazani, nasikia mwenyewe.

"Ulidharau usichokijua, ukasugua. Mimi nikajiona msomi, sikufungua hata karatasi kuangalia. Tumekosea wawili, Charmi. Lakini aliyemzuia Hyasinta asinywe ni yule aliyekubali kuaibika mbele ya watu."