Jina Lililoitwa Kule Nabukonge

Jumamosi ya kwanza ya Februari mwaka jana, yapata saa nne asubuhi, Nabalayo alisimama kwenye uwazi katikati ya msitu wa Nabukonge akaita jina la binti yake. Binti huyo, Nerima, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa nyumbani Luzira, Kampala, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapo. Hayo mawili hayana ubishi.

Nabalayo ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma. Alihamia Kampala na mumewe Wanyama, ambaye husimamia mizigo kwenye bandari ya Port Bell. Jumapili Nabalayo huwafundisha watoto kanisani. Mwaka huo kanisa liliamua kuwapeleka watoto kambini wakati wa likizo ya Mei, katika msitu wa serikali ulio upande wa barabara ya Jinja, na yeye akapewa kazi ya kuchagua mahali pa kupiga mahema. Alimwomba rafiki yake Laker aandamane naye. Laker ni polisi, mzaliwa wa Kitgum, na mambo ya kulala porini anayajua kwa kazi na kwa utoto.

Mlinzi wa msitu, Ocaya, aliwapokea getini na kuwaonyesha sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa karibu mno na barabara. Malori ya miwa yalisikika kama yanapita kati ya miti. Ya pili ilikuwa bondeni. Laker alikanyaga mara moja, akainua kiatu na kuonyesha siafu.

Sehemu ya tatu hawakuonyeshwa. Nabalayo aliiona mwenyewe, mwanga kati ya mashina. Ilikuwa ardhi tambarare yenye nyasi fupi, bila tawi kavu juu yake, na kijito kikisikika chini ya mteremko.

"Na pale je?"

"Pale ni pazuri," Ocaya alisema. Lakini hakusogea.

"Watu hulala pale?"

"Wanakuja. Wanaweka hema. Jioni wanahama."

"Kwa nini?"

"Mtu akihama jioni hasemi, mwalimu. Anabeba tu."

Laker alicheka. Nabalayo alikwisha kuingia kwenye nyasi, akipima kwa macho mahali pa mahema ya wasichana na mahali pa jiko. Lilibaki jambo moja, sauti. Mtoto akitumwa maji kijitoni, lazima amsikie mwalimu anapomwita. Alimwomba Laker ashuke hadi kwenye maji.

"Nikiita, uitike. Nijue kama inafika."

"Sawa. Lakini jina langu usiite."

"Afande mzima unaogopa jina lako?"

"Sisi tulikatazwa. Ukienda kuni, ukienda maji, hakuna kuitana jina. Unapiga makofi tu. Wewe ogopa nyoka, Mama Nerima. Mimi niachie mambo ingine."

Laker akateremka, miti ikamfunika. Nabalayo alisubiri hadi alipodhani amefika. Makofi yasingemwambia lolote kuhusu sauti. Alihitaji kuita, na ili kuita alihitaji jina. La Laker alikuwa amekatazwa. Alivuta pumzi, na mdomo ukatoa lile linalotoka kila asubuhi bila kufikiriwa.

"Nerima!"

"Wangi?"

Watoto wa Kampala huitika hivyo, kwa Kiganda, hata wale ambao nyumbani kwao hakisemwi. Nerima huitika hivyo. Sauti ilikuwa ya mtoto, na haikutoka kijitoni. Ilitoka upande wa kulia, kwenye miti, karibu.

"Njoo," Nabalayo alisema.

Neno lilikuwa limeshatoka alipokumbuka kwamba mtoto yuko Luzira.

Majani hayakutikisika. Ndege waliokuwa wakilia waliacha.

Laker alipanda mteremko mbio, viatu vikiwa vimelowa. Alipofika aliongea kwa kunong'ona.

"Ulimleta mtoto?"

"Hapana."

"Nimemsikia ameitika."

"Na mimi."

Ocaya alikuwa ameshaokota panga lake. "Umemjibu?"

"Nimesema njoo."

Ocaya alitazama nyasi. "Twende. Tusikimbie. Na mtu asimwite mwenzake."

Walifuata njia wakiwa mstari mmoja, Ocaya mbele, Laker nyuma. Baada ya kijito, Laker aliingia katikati, Nabalayo akabaki wa mwisho. Nyuma yake kulikuwa na hatua. Nyepesi. Wao waliposimama, zilisimama.

Hakuna aliyegeuka.

Getini ndipo Ocaya alipozungumza. Alisema pale uwazini palikuwa na nyumba kadhaa, zamani, kabla yeye hajazaliwa. Watu walihamishwa kwa malori, siku moja, bila kupewa muda. Msitu ulirudi kila mahali isipokuwa hapo. Wenyeji husema kwamba malori yalipoondoka kulikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa ametumwa maji.

"Akarudi akakuta hakuna mtu?" Laker aliuliza.

"Hivyo ndivyo wanavyosema. Mimi ninalinda miti tu."

Nabalayo alifika nyumbani saa tisa. Wanyama alikuwa ameketi mlangoni, kiti kikiwa kimeziba njia.

"Mtoto wako leo amenipa kazi," alisema. "Alikuwa anafua soksi. Akaziacha majini, akatoka. Nimemkuta kwenye reli, hana viatu. Namuuliza anakwenda wapi, ananiambia mama ananiita."

"Saa ngapi?"

"Saa nne hivi. Kwa nini?"

Nerima alikuwa ndani, anachora. Nabalayo alimwita kutoka mlangoni. Mtoto alisikia, penseli ilisimama. Lakini hakuitika. Aligeuza uso akatazama uani, kama mtu anayempisha mwenzake aseme kwanza.

"Nerima, ninakuita."

"Ngoja aitike," mtoto alisema.

Kuanzia siku hiyo hakuitikia jina lake tena. Ukisema "wewe" aligeuka. Ukisema "mwanangu" alikuja. Ukitaja jina, alisubiri. Aliacha kula vizuri. Homa ilimshika, ikaondoka, ikarudi. Zahanati ilimpima malaria, hakukutwa nayo.

Jumatano ya wiki ya pili Nabalayo alimzuia asiende shule. Saa tano mwalimu wake alipiga simu.

"Mama Nerima, si umesema mtoto mgonjwa?"

"Yuko hapa kitandani."

"Basi ni nani huyu? Nimetaja jina lake darasani bila kufikiri, ameitika hapo nje kwenye korido. Nimetoka kumwambia aingie. Hakuna mtu."

Nabalayo alikata simu bila kuaga. Alikwenda kuketi kitandani na kuushika mguu wa mtoto. Ulikuwa moto. Alikaa hivyo hadi mumewe aliporudi.

Nerima alitoroka tena na tena. Mwendesha boda mmoja alimrudisha kutoka Banda. Siku chache baadaye mama muuza mboga alipiga simu kutoka Kireka. Ni barabara ileile ya kwenda Jinja, na kila mara mtoto alikuwa amefika mbele zaidi. Alipoulizwa alijibu kwa utulivu kwamba anakwenda nyumbani.

Na ile sauti nayo ilikuwa ikisogea, kwa upande wake. Mwanzoni ilisikika nje ya geti, jirani alipouliza hali ya mgonjwa akamtaja jina. Kisha ilisikika barazani. Mmoja alikuwa akiondoka, mwingine akija. Nabalayo alimwambia Laker hivyo kwa maneno hayohayo, wakiwa jikoni, maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa ili mtoto asisikie.

"Mnalitaja tena?" Laker alinong'ona. "Acheni kabisa. Ulimwita mtu, akaitika, ukamwambia njoo. Hilo jina sasa ni lake. Mpe wako lingine kabla huyo hajaingia ndani."

Wanyama alikataa. Nerima lilikuwa jina la mama yake, aliyezikwa Bungoma mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa.

"Jina la mama yangu nimpe kitu nisichokijua? Kwa sababu polisi mmoja amesema?"

"Si polisi. Ni Laker."

"Laker si Mbukusu."

"Na mimi?" Nabalayo aliuliza. "Mimi ni nani? Mimi ndiye niliyemzaa. Huyo mama yako angekuwa hai, angechagua jina au angechagua mtoto?"

Wanyama aliinuka. Alivaa viatu akaenda kazini, ingawa haikuwa zamu yake.

Siku iliyofuata, mchana, Nabalayo alimlaza mtoto, akafunga mlango wa mbele kwa kufuli, akaingia bafuni kufua. Wanyama alirudi mapema. Alifungua mlango na kufuata mazoea ya miaka minane.

"Nerima!"

"Wangi?"

Iliitika chumbani. Wanyama alitabasamu, Nabalayo aliuona uso wake kutoka bafuni. Mtoto ameitika. Mtoto amepona. Akaelekea chumbani akiwa bado ameshika funguo.

Simu ya Nabalayo ililia. Namba ngeni. Mwanamke alisema yuko Bweyogerere, kando ya barabara kuu, na amemshika msichana mdogo mwenye homa, aliyekariri namba hii.

Nabalayo alitoka bafuni na simu sikioni. Wanyama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Hakuingia. Kitanda kilikuwa kimebonyea katikati, na shuka lilikuwa likipanda na kushuka, polepole.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Mlango ulikuwa na kufuli. Namna mtoto alivyotoka haijaelezwa hadi leo.

"Toka," Nabalayo alinong'ona. "Usilitaje. Toka."

Walimchukua mtoto Bweyogerere. Hawakurudi nyumbani. Walikwenda kwa Laker, kwenye kota za polisi, na kutoka hapo Wanyama akampigia simu shangazi yake Bungoma.

Kwa Wabukusu jina hutoka kwa marehemu. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, hutajiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, hadi anyamaze. Jina analonyamazia ndilo lake. Shangazi alisema hajawahi kusikia jambo hilo likifanywa kwa mtoto anayekwenda shule. Alisema pia kwamba hajui sheria inayolikataza. Wakaweka simu mezani, sauti ikiwa juu. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa Nabalayo, macho wazi.

Shangazi alianza na wanawake wa upande wa babu. Alitaja kila jina kwa sauti ileile, akaacha kimya, akataja lingine. Mtoto hakusogea. Laker alisimama dirishani, mgongo kwao, akitazama uwanja wa gwaride ambapo watoto wa kota walikuwa wakicheza mpira. Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado kali.

"Nasambu," shangazi alisema.

"Wangi?" mtoto alijibu. Kisha akaomba maji.

Jioni Wanyama alikwenda Luzira peke yake. Hakuingia ndani. Alisimama barazani na kuongea na mlango. Majirani waliomwona walidhani amelewa. Mkewe alipomuuliza, alisema aliongea maneno machache tu.

"Nilimwambia, jina la mama yangu ni lako. Mtoto ni wangu."

"Akasema nini?"

"Sikumpa nafasi."

Walihama mwisho wa mwezi, wakapata nyumba karibu na soko. Homa haikurudi. Nasambu aliacha kutoroka, akaanza kula, akafanya mtihani wa muhula na kupita. Shule ilibadilisha jina lake bila maswali mengi. Kanisani iliwachukua muda, na kuna waliokosea na kumwita mama yake kwa jina la zamani, Mama Nerima. Kila walipokosea Nabalayo alisimama akasikiliza. Hakukuwa na kitu. Kambi ya Mei ilifanyika kwenye uwanja wa shule, Mukono, na mtu mwingine ndiye aliyechagua.

Mwezi wa Desemba Nabalayo alinunua kitambaa cha njano kwa ajili ya gauni la Krismasi. Akamtuma Nasambu kwa Zuleika, fundi wa cherehani pale sokoni, milango michache kutoka kwao, apimwe. Mtoto alikwenda na kurudi upesi.

Ijumaa Nabalayo alikwenda kulichukua. Zuleika alishusha magauni mawili ya njano kutoka kwenye kamba.

"Ni moja," Nabalayo alisema.

"Mbona walikuja wawili? Kitambaa kilitosha, nikajua ndivyo ulivyotaka. Nilipima mmoja, nikapima wa pili. Huyu wako mchangamfu, mwingine hakusema neno. Alisimama pale mlangoni akanyoosha mikono tu."

Nabalayo aliyaweka magauni juu ya meza ya cherehani, moja juu ya jingine, mabega kwa mabega. La pili lilikuwa refu zaidi, kwa upana wa vidole viwili.

Alichukua lile fupi akaondoka.

Jumatatu alipita tena. Kwenye kamba hapakuwa na kitu cha njano. Zuleika alisema mwenye gauni la pili alikuja Jumamosi asubuhi, akalivaa palepale dukani, na lilimtosha.