Vidonge vya Wankyo

Habari hii alinisimulia Ursula, jirani yangu wa Nyasho, tukianika dagaa, mwaka ule sukari ilipoanza kurudi madukani. Ilimpata mdogo wake, Boke, wa kule kijijini Bugwema.

Boke alikuwa mtu wa kubania vitu. Nyakati zile nani hakubania? Mche wa sabuni aliukata vipande vidogo vidogo. Chumvi aliifunga kwenye kitambaa. Na vidonge vya kifafa vya binti yake, Wankyo, alivifunga vivyo hivyo. Alimpa siku akianguka tu.

Siku moja Wankyo alianguka darasani. Wenzake walikimbia wakiogopa mate yake. Mwalimu Renatus akamwambia Boke, "Mama Wankyo, akianguka tena, abaki nyumbani."

Mtoto alilia mpaka macho yakavimba. Alipenda hesabu kuliko chakula.

Ursula akampeleka mdogo wake na mtoto hospitali, mjini Musoma. "Amekuja daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kazi yake kifafa tu."

"Kifafa tu? Si atakufa njaa," Boke akasema.

Walikuta benchi limejaa. Daktari aliitwa Justina, mzaliwa wa Bunda.

"Dawa unampaje, mama?"

"Nampaga akianguka. Zikiisha nitapata wapi nyingine?"

Daktari hakumkaripia. "Sabuni ukiibania, nguo zitasubiri. Ubongo hausubiri. Dawa hii inazuia asianguke kesho. Mpe kila jioni, hata akiwa mzima. Usiache mpaka tukuambie. Na uje kuchukua nyingine kabla hazijaisha."

"Na mate yake?"

"Kifafa hakiambukizi. Akianguka, ondoeni moto na vitu vya kumuumiza. Mlazeni ubavu. Msimtie kitu mdomoni. Akitetemeka zaidi ya dakika tano, mleteni hospitali."

Boke akamtazama. "Dokta, magonjwa yote haya, ukachagua huu?"

"Kaka yangu Clementi alikuwa nao. Aliangukia jikoni. Watu wazima walisimama mlangoni wakiogopa mate, moto ukamla mkono. Nilipomaliza udaktari nikarudi darasani, nikasomea ubongo. Wenzangu walicheka, eti nitakosa wagonjwa." Akaelekeza kidevu kwenye benchi.

Waliporudi kijijini, Boke alipita shuleni kwanza, akamweleza mwalimu yote aliyosema daktari.

"Kweli mate hayaambukizi?" Mwalimu Renatus akauliza.

"Mwalimu, nimeyafuta kwa kanga yangu miaka yote hii. Mimi nimeanguka lini?"

Miezi ikapita, Wankyo mzima. Magige, mumewe Boke, akasema, "Amepona huyu. Vidonge vilivyobaki tuweke akiba."

"Aa, Baba Wankyo. Wewe bania tumbako yako."

Baada ya hapo Wankyo alianguka mara moja tu, alipokuwa na homa ya malaria. Ilikuwa darasani tena. Hakuna aliyekimbia. Rafiki yake Mbuke alimlaza ubavu, mwalimu akamwekea sweta chini ya kichwa. Alipozinduka, mwalimu akamwambia, "Tutakupeleka zahanati, homa ipimwe. Ukipona uje umalizie hesabu zako."

Jioni ile, Wankyo ametoka zahanati, walikula wote nyumbani sahani moja. Wankyo akameza kidonge, akalala. Magige naye akaanza kukoroma. Boke alikaa kidogo, akisikiliza mtoto anavyopumua. Alipumua vizuri. Boke akavuta shuka, akalala.