Usifute Folda Hiyo, Baba Bridget

Siku ya Alhamisi, katika nyumba ya Ajwang hakuna anayekunywa chai ikiwa moto. Simu hulia tangu asubuhi. Huku kando ya ziwa watu wengi huzika Ijumaa na Jumamosi, na mazishi hayaendi bila tenti na viti. Ajwang na mume wake, Oduor, wazazi wa Bridget, wanakodisha tenti na viti hapa Kisian, karibu na barabara ya Busia. Alhamisi ndiyo siku ya kupanga lori litaanzia wapi na litamalizia wapi.

Kazi wamegawana. Ajwang anapokea oda na kuziandika kwenye kompyuta. Oduor anaendesha lori na kusimamisha tenti. Halafu anachukua kamera na kurekodi mazishi kwa ajili ya familia. Akishika kamera, Oduor hajui kuacha. Anarekodi hotuba zote. Anarekodi watu wakipanga foleni ya chakula. Katika video ya mazishi ya Mzee Odongo wa Ojolla kuna sehemu ndefu ambapo ng'ombe wawili wanaitazama kamera, na kamera inawatazama ng'ombe.

"Si ukate hapa?" Ajwang alimwambia siku moja.

"Nikate? Hao ni ng'ombe wa marehemu. Watoto wake walio ng'ambo watawaona wapi tena?"

Basi video zote zilikaa kwenye kompyuta ileile ya oda. Hakuna hata moja iliyofutwa. Oduor alisema kumfuta marehemu ni kama kumtupa. Watu wengi wa hapa wangekubaliana naye.

Alhamisi ninayoisimulia, simu zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Huyu anaongeza viti. Yule anabadilisha saa. Mwanamke mmoja, sauti imemkauka kwa kulia, alisema mazishi ya mama yake yamehamishwa mahali pengine. Ajwang aliandika yote. Kila alipomaliza oda moja, kompyuta ilimwambia imehifadhiwa. Wakati huohuo Oduor alikuwa upande wa pili wa meza. Alikuwa akiingiza video ndefu ya mazishi ya wiki iliyopita.

Kisha akapiga simu Dalmas, mwalimu wa kwaya, akitaka viti vya Ijumaa. Ajwang akaandika. Akabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikakataa. Ujumbe mrefu wa Kiingereza ukatokea, na orodha yote ya oda ikapotea kwenye skrini.

"Yawa! Baba Bridget, oda zimeenda wapi?"

Oduor alikuja akatazama. Walizima kompyuta, wakaiwasha. Ujumbe ulikuwa uleule. Walimpigia Griffin, mpwa wa Oduor, ambaye ndiye aliyewatengenezea programu hiyo. Simu ikajibu kwamba mteja hapatikani.

"Wewe sema tu, lori linaenda wapi na wapi," alisema Oduor.

"Sikumbuki zote. Nikishaandika nasahau. Si ndiyo maana ya kuandika?" Ajwang alikaa kwenye kiti. "Kuna mama amehamisha mazishi. Hiyo nakumbuka. Lakini ni nani, na amehamishia wapi, imenitoka kabisa."

"Basi wapigie wateja uwaulize."

"Nambari zao ziko humo ndani. Huyo mama alipiga na simu ya kuazima. Sasa nipige nambari zote zilizoingia kwenye simu leo? Nimwambie mtu anayelia, samahani, marehemu wenu ni yupi?"

Wote wawili walijua kilichokuwa mbele yao. Jumamosi mama wa mtu angezikwa, na tenti yake ingekuwa imesimama kwenye boma la mtu mwingine. Ajwang aliogopa sana.

Oduor akaanza kutafuta dawa kwenye mtandao. Akapata mtu asiyemjua, amejaa uhakika, anayesema kuna folda iitwayo pg_wal na ukifuta kilichomo kila kitu kitakuwa sawa. Oduor akaifungua. Akaona faili nyingi zenye majina marefu ya tarakimu na herufi, na hakuna jina hata moja alilolielewa.

"Angalia hii takataka yote," alisema. "Wacha niifagie."

Alikuwa ameshachagua faili zote aliposikia hodi mlangoni. Alikuwa Nekoye, jirani yao, amekuja kurudisha viti ambavyo kikundi chake cha maombi kilikuwa kimeazima. Nekoye ni mtu wa Bungoma. Anasimamia kompyuta katika hospitali moja mjini Kisumu, na siku hiyo alikuwa na mapumziko. Aliona skrini hata kabla ya kuviweka viti chini.

"Baba Bridget, usifute folda hiyo! Toa mkono!"

Oduor akatoa mkono haraka.

"Kwani ni ya nini? Si ni takataka?"

"Nitakwambia. Lakini kwanza tujue ugonjwa, ndiyo tutafute dawa. Mama Bridget, ile programu imekwambia nini?"

Ajwang alimwonyesha ujumbe. Nekoye alisoma polepole.

"Oda zenu zinatunzwa na programu inaitwa Postgres," alisema. "Hiyo ndiyo hifadhidata yenu. Programu ya Griffin inabisha tu hodi kwa Postgres na kuomba oda. Sasa huu ujumbe unasema imebisha hodi na hakuna aliyefungua."

"Basi oda zimekufa?" Ajwang aliuliza.

"Hapana, mama. Ukibisha mlango na mtu asijibu, utasema amekufa? Pengine amelala. Kama ujumbe ungesema nenosiri ni baya, ningejua yuko macho lakini anatukataa. Huu hausemi hivyo. Kwa hivyo tunaanza na swali moja. Je, Postgres inafanya kazi au imesimama?"

Akaandika amri. Jibu likaja kwamba imesimama.

"Sawa. Imesimama kwa nini? Wengi hapa huanza kubahatisha. Wengine wanaiondoa na kuiweka upya. Lakini Postgres yenyewe huacha ripoti ya kila kinachoipata. Tuisome."

Akafungua ripoti na kushuka hadi mistari ya mwisho. Akawaonyesha kwa kidole. Mstari ulisema hakuna nafasi iliyobaki kwenye diski. Nekoye akaandika tena herufi chache, df -h, na kompyuta ikaonyesha diski yake imejaa kwa asilimia mia moja.

"Imejaa? Imejaa nini?" Oduor alishangaa. "Oda zenyewe ni maneno tu."

Ajwang alimgeukia mume wake. Alimtazama tu, na Oduor akaanza kukuna shingo.

Walifungua folda ya video. Marehemu wote wa Oduor walikuwa humo, tangu alipoanza kurekodi. Video ya asubuhi hiyo ilikuwa imekwama katikati, ikiwa imekula nafasi ya mwisho kabisa.

"Hii ndiyo imemaliza nafasi," Nekoye alisema. "Postgres ilikosa pa kuandika. Haikutaka kuandika nusu na kuharibu kazi yenu, ikasimama. Imewafanyia vizuri."

"Basi futa ng'ombe!" alisema Ajwang.

"Mama Bridget! Hiyo ni mazishi ya Mzee Odongo!" Oduor alisimama kabisa. "Nimzike mzee mara mbili?"

Nekoye alicheka mpaka akashika meza. "Hakuna mtu atafutwa. Tutawahamisha. Una diski ya nje?"

Oduor alikuwa nayo, mpya, bado kwenye boksi. Aliinunua soko la Kibuye akakusudia kuitumia siku moja. Nekoye akaichomeka. Kabla ya kugusa chochote alinakili folda nzima ya data ya Postgres na kuiweka kwenye diski hiyo. Alisema wakikosea njiani, watakuwa na pa kurudia. Ndipo wakaanza kunakili video. Kila video iliyofika, Oduor aliifungua kwenye diski mpya kuhakikisha inacheza, na hapo tu ndipo ile ya zamani ilipoondolewa kwenye kompyuta. Kazi ilikwenda polepole kwa sababu Oduor alitaka kutazama kila hotuba. Ajwang akamnyang'anya kipanya.

Wakati wakisubiri, Ajwang alileta chai, na Nekoye akaeleza kuhusu folda ya pg_wal.

"Baba Bridget, ukifika kwenye mazishi na lori limejaa viti, unafanya nini kwanza?"

"Nashusha vyote langoni haraka. Halafu ndiyo tunavipanga kwa safu."

"Sasa mtu apite, aone lile rundo la viti langoni kabla hamjapanga. Aseme ni takataka, achome moto."

"Nitampiga!"

"Folda ile ndilo rundo lako la langoni. Mama Bridget akihifadhi oda, Postgres huiandika humo kwanza, mbio mbio. Baadaye ndiyo inaipanga mahali pake. Ikizimika ghafla, ikiamka inarudi kwenye folda hiyo kusoma kazi gani ilikuwa haijapangwa. Oda za leo asubuhi pengine bado ziko hapo tu. Ungefuta, labda Postgres ingekataa kabisa kuamka. Au ingeamka bila hizo oda."

Oduor aliweka kikombe chini.

"Na yule mtu wa mtandao?"

"Yeye hatapeleka tenti Jumamosi," alisema Nekoye.

Nafasi ilipopatikana ya kutosha, Nekoye aliiwasha Postgres. Haikujibu mara moja. Nekoye alifungua ripoti tena, na wakaona mistari mipya ikisema hifadhidata ilizimika vibaya na sasa inajirekebisha. Mwisho ukaja mstari mmoja mfupi kwamba iko tayari kupokea kazi.

Ajwang akafungua programu ya oda. Orodha ikajaa skrini. Alisoma kwa sauti, jina baada ya jina. Akafika kwa Mama Rosa. Mazishi ya mama mzazi, Jumamosi. Tenti kubwa nyeupe. Zamani mahali palikuwa Obunga. Sasa paliandikwa Kombewa.

"Ni Rosa! Rosa ndiye alihamisha mazishi!" Ajwang alipiga makofi. "Baba Bridget, ungempelekea marehemu tenti Obunga na yeye yuko Kombewa!"

"Nyasaye, Mungu wangu," alisema Oduor, akakaa.

Oda ya Dalmas peke yake haikuwemo, kwa sababu haikuwa imehifadhiwa. Ajwang alimpigia akamwomba aitaje tena. Dalmas alifurahi, kwa maana alikuwa anataka kuongeza viti.

Nekoye hakuondoka hapo. Aliwaambia diski ikijaa tena, yote yatarudi. Kwa hiyo video zitakaa kwenye diski ya nje na hazitaingia tena kwenye kompyuta ya oda. Aliweka pia ilani ya kuonyesha diski inapokaribia kujaa. Kisha akamfundisha Ajwang kutoa nakala ya oda zote kwa amri ya pg_dump. Kompyuta itafanya hivyo yenyewe kila jioni, na Ajwang ataihamishia nakala kwenye diski nyingine ndogo yenye nenosiri, isiyokaa chumba kimoja na kompyuta.

"Sasa tumemaliza," alisema Oduor.

"Bado," alisema Ajwang. "Nitajuaje hiyo nakala ni nzuri? Kesho nikiihitaji nikute ni tupu?"

Nekoye alifurahi sana kusikia swali hilo. Alisema hata hospitali nyingine haziulizi. Alikwenda nyumbani akaleta kompyuta yake ndogo, akafungua humo ile nakala kama hifadhidata mpya. Ajwang akasogea karibu.

"Nionyeshe Rosa."

Nekoye akamtafuta. Alikuwepo, na Kombewa yake, na tenti kubwa nyeupe.

"Sasa tumemaliza," alisema Ajwang. Tangu siku hiyo, mara moja kwa mwezi anafungua nakala kwenye kompyuta ya Nekoye na kutafuta mtu mmoja humo. Asipomwona, hakuna anayelala.

Jumamosi lori lilifika Kombewa mapema. Tenti ilisimama, viti vikapangwa. Mvua ilikuja wakati wa hotuba, mvua kubwa ya kutoka ziwani, na watu walisogeleana chini ya tenti. Jeneza lilikuwa katikati, pakavu.

Baada ya chakula Mama Rosa alimfuata Ajwang. Macho yalikuwa mekundu lakini alitabasamu.

"Mama Bridget, ero kamano, asante sana. Juzi nilikupigia mara moja tu, na simu ya mtu. Nilikuwa na mambo mengi kichwani. Mambo ya jeneza, ya chakula, ya ndugu zangu wanagombana. Lakini tenti sikuifikiria tena hata kidogo. Nilijua mtakuja."

Oduor alikuwa karibu, kamera begani. Alifungua kinywa kueleza mambo ya diski na folda na ng'ombe wa Mzee Odongo. Ajwang akamkanyaga mguu taratibu.

"Karibu, Mama Rosa," alisema. "Pole sana kwa kumpoteza mama."

Wakashikana mikono, mvua ikinyesha nje ya tenti.