Lami Iko Kati Yako na Kadam

Gurudumu la nyuma lilizunguka mara ya mwisho, likarusha tope jeusi mpaka juu ya paa, kisha Prado ikainamia ubavu wa kushoto na kutulia. Faruku akazima injini. Mbele yao kijito kilikuwa kimefurika, maji yakipita kasi na vijiti na mapovu. Nyuma, mahali walipopita dakika chache tu zilizotangulia, alama za matairi zilishaanza kujaa maji.

"Shemeji," Faruku akasema, "hii udongo imetukamata."

Mastula alishuka, akazama mpaka kwenye goti, akalizunguka gari lote akishikilia bodi. Saa ilikuwa nane mchana. Simu yake haikuwa na mtandao tangu walipoiacha barabara kuu.

Walikuwa watu watatu. Mastula alikuwa na kosta moja pale Busia, na kwa miaka tisa kosta hiyo ilikuwa ikibeba watu wa harusi na watu wa msiba. Sasa walimu wa Iyolwa walikuwa wamemwomba awapeleke Kidepo mwezi wa kumi na mbili, wao na familia zao, wakaone simba na tembo. Hakuwahi kuandaa safari ya namna hiyo. Kwa hiyo akaamua kwanza aipime njia mwenyewe: wapi watakula, wapi wanawake watajisaidia, wapi watalala wakichelewa. Faruku, mdogo wa mumewe, ndiye aliyeendesha. Mzee Herbert, mwalimu mstaafu wa jiografia, alichaguliwa na wenzake wa Iyolwa aende akaone kwa macho yake. Walimchukua Tororo alfajiri, akiwa na mwavuli na chupa ya chai.

Walipofika Pian Upe, hifadhi iliyoko njiani, Mastula aliona wageni wake hawawezi kupitisha siku nzima bila kuona mnyama hata mmoja. Akataka kuingia hifadhini, upande wa magharibi, atafute mahali pazuri pa chakula cha mchana penye kongoni. Askari wa wanyama waliyemkuta getini aliwaruhusu. "Lakini mto wa pili usivuke," akamwambia. "Jana mvua ilipiga huko mbaya."

Kwenye mto wa pili Faruku alisimamisha gari. Mastula akatazama ng'ambo, akaona kundi la kongoni limesimama kwenye nyasi ndefu, akasema, "Vuka tu. Ni maji kidogo."

Hawakufika hata kwenye maji.

Faruku akatoa jeki. Aliikalisha juu ya jiwe bapa, akainua upande uliozama, akaketi topeni na kusukumia matawi chini ya tairi kwa mguu. Mastula alikuwa anamletea tawi la tatu aliposikia jiwe likiteleza. Gari lilishuka taratibu, bila kishindo. Aliyepiga kelele ni Faruku.

Walimvuta kwa kuchimba tope kwa mikono. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na ncha yake nyeupe ilionekana. Mwalimu Herbert aliwahi kuwafundisha skauti, na sauti yake ikarudi kuwa ya darasani.

"Mtandio wako, mama. Chana nusu. Halafu nitafutie fito mbili zilizonyooka."

Akafunga juu ya jeraha mpaka damu ikapungua, akaunyoosha mguu, akaufunga kati ya zile fito. Faruku aliuma mkanda wa kiti na jasho likamtoka kama amemwagiwa maji. Alipoweza kusema, aliuliza, "Maji iko ngapi?"

Zilikuwa chupa nne ndogo. Katika daftari la Mastula yalikuwa yameandikwa maboksi sita ya maji kwa safari ya Desemba. Kwa ajili yao watatu hakuwa amefikiria.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na kutembea gizani kati ya nyati kungekuwa wazimu. Walifunga vioo, wakalala humo ndani walivyo. Kulipopambazuka mguu wa Faruku ulikuwa umevimba mpaka vidole vikang'aa, na mwili wake ulikuwa moto.

"Mimi nyonga zangu hazifiki hata kilomita mbili," mwalimu akasema. "Nitabaki naye. Wewe ndiye wa kwenda."

Akamtoa Mastula nje, akamwonyesha. Mashariki, jua lilikuwa linachomoza nyuma ya mlima mmoja mkubwa wa mawe.

"Yule ni Kadam. Lami iko kati yako na Kadam. Usifuate alama za gari, zinazunguka sana, na ule mto wa kwanza sasa umejaa. Mlima usitoke mbele ya uso wako. Ni kama kilomita kumi na mbili."

"Na usipoonekana?"

"Usipoonekana, usiende popote."

Faruku alimwita dirishani. Mastula alidhani atalaumiwa, na alikuwa tayari kulaumiwa. Lakini Faruku alimsukumia tu chupa yake ya maji, ambayo ilikuwa na nusu. Mastula akairudisha kitini, akachukua yake, akaondoka.

Nyasi zilimfika kifuani na zilikuwa na umande. Kwa saa ya kwanza alitembea vizuri. Viatu vilibeba tope mpaka vikawa vizito kama matofali, akavivua, akatembea peku. Miba ya mgunga ikamwingia unyayoni mara mbili. Alikaa, akaing'oa, akaendelea. Kila hatua mia alitazama juu. Mlima ulikuwepo.

Saa ya pili alikutana na nyati. Alikuwa dume mzee, peke yake, amesimama karibu na kichuguu, na Mastula hakumwona mpaka alipomsikia akipumua. Walitazamana. Mastula hakukimbia. Alihesabu vipande vya tope lililokauka kwenye pembe ili macho yawe na kazi. Kisha nyati akageuza kichwa, akaingia majanini polepole, kana kwamba ni yeye aliyechoka kungoja.

Mawingu yalikuja baadaye kutoka upande wa Elgon. Kadam ukaanza kufifia toka juu. Mastula aliona kitakachotokea. Akatafuta tawi refu, akalilaza chini huku akilipima kwa jicho, ncha ikielekea mlimani, akakaa karibu nalo. Mvua ikashuka, na mlima wote ukapotea.

Huo ndio ulikuwa wakati mgumu kuliko wote. Mwili wake ulitaka kwenda. Alimwona Faruku akilini, alimsikia, na kila upande ulifanana na mashariki. Mara mbili alisimama. Mara mbili alilitazama tawi, akakaa tena. Alitandaza kipande cha mtandio kilichobaki mpaka kikalowa chapachapa, akakikamulia mdomoni, akakitandaza tena. Maji yalikuwa na ladha ya jasho na sabuni. Alikunywa mpaka tumbo likajaa, kisha akaijaza chupa.

Mvua ilipokatika, mlima ulijitokeza palepale tawi lilipoelekea. Hapo ndipo alipolia, kidogo, akitembea.

Watu wa kwanza aliowaona walikuwa wanawake wawili wa Karamoja wakikata nyasi za kuezekea. Walisimama na mundu zao mkononi, wakamtazama mtu huyu aliyejaa tope kichwani mpaka miguuni. Aliwasemesha Kiswahili, hawakuelewa. Akawajaribu kwa Kiteso alichokiokota utotoni sokoni Malaba, lugha inayokaribiana na yao. Akajionyesha muundi, akaupiga kwa ukingo wa mkono, akaonyesha magharibi. "Etunganan," akasema. Mtu. Mkubwa kati yao akaweka mzigo chini, akamshika kifundo cha mkono, akaanza kutembea upesi mbele yake. Lami haikuwa mbali. Walikuwa wamesimama barabarani robo saa hivi gari la askari wa wanyama lilipotokea.

Askari walipita njia ya juu wanayoijua wao. Walipoikaribia Prado, ilikuwa saa tisa. Joto lilikuwa limewatoa garini. Mwalimu Herbert alikuwa ameketi kwenye tope, amefungua mwavuli juu ya uso wa Faruku. Alikuwa anamwambia majina ya mito ya Uganda, mmoja mmoja, na kumlazimisha ayarudie ili asilale.

"Manafwa," Faruku alikuwa anasema. "Malaba. Mpologoma."

Wiki tatu baadaye, katika hospitali ya Tororo, walimu wa Iyolwa walikuja kumsalimia Faruku. Walileta ndizi na karanga. Mmoja wao, mwalimu Athieno, alisema wamesikia ni mvua na jeki, na ajali haina mwenyewe.

"Si mvua," Mastula akasema. "Tuliambiwa tusivuke. Mimi ndiye nilisema tuvuke. Mkitaka mtu mwingine awapeleke, mna haki."

Athieno akasema watakaa wazungumze, wakaaga. Mzee Herbert alitoka wa mwisho, akampigapiga Mastula begani.

Wakabaki wawili. Daktari alikuwa amesema asubuhi ile kwamba mfupa unashika, ila kuhusu mishipa ya fahamu hajui. Huenda mguu ukabaki kama gogo lisilohisi kitu, na kazi ya udereva ikaishia hapo.

"Hukuhitaji kuwaambia," Faruku akasema. "Hata kaka nilimwambia ni jeki tu."

"Kaka yako nimemwambia jana."

Faruku alitazama dari. Mastula akaanza kukusanya maganda ya karanga kitandani, akiyatia kiganjani.

"Shemeji."

"Naam."

"Kidole gumba. Hiki cha mguu mbaya." Alikunja uso. "Kinaniwasha sana. Nisaidie kukikuna."

Maganda yakamwanguka. Akainua shuka, akakuna, na Faruku akacheka kwa sauti mpaka nesi akaja kuona kuna nini.